Ushoroba Usioficha Yote

"Huyu hapa ndiye aliyeujenga," Mama Anjela alimwambia muuza maziwa, akimshika Otilia begani kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyeshinda maonyesho. "Ushoroba wote unaousikia, kuanzia hapa Makambako mpaka ng'ambo ya ziwa, umetoka kwenye kichwa hiki."

Muuza maziwa aliinua mkono wake wa kushoto. Kwenye bangili yake ya kijivu kulikuwa na taa ndogo ya kijani, alama kwamba Ushoroba umewashwa. "Kumbe ni wewe, mhandisi! Mimi tangu niingie kwenye huu mlango wenu, roho yangu imetulia. Hakuna anayeniona."

Otilia Luvanda alitabasamu akatazama chini. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa hajazoea kusifiwa barabarani. Lakini akikana kwamba moyo wake ulijaa, angekuwa mwongo. Alipokuwa msichana, nchi nzima ilinunua faragha yake kutoka ng'ambo, kwa kampuni ambazo hakuna aliyejua zinakaa wapi na zinamuuzia nani siri za watu. Yeye na mwenzake, Kanuti Ngailo, waliijenga ya kwao hapa hapa, kwenye kilima cha mitambo ya upepo, juu ya reli. Upepo wa Makambako, ule ule uliokuwa ukiwakera wageni, ndio ulioziendesha mashine zake.

"Mimi siku hizi namwaga yote humo," Mama Anjela aliendelea. "Nikishaingia kwenye ushoroba wa mwanangu, hata malaika hanioni."

Bangili yake ikalia. "Shikamoo, Mama Anjela," ikasema kwa sauti tamu. "Goti la kushoto bado linasumbua? Leo tunayo dawa ya kuchua uliyoiulizia."

Muuza maziwa akacheka. Otilia hakucheka.

"Mama, hao wamejuaje habari za goti?"

"Si niliwaeleza mwenyewe jana, dukani kwao, mtandaoni."

"Kwa jina lako?"

"Sasa nijieleze kwa jina la nani, Otilia? La jirani?"

Wakachukua maziwa yao wakaondoka. Njiani mama aliendelea kusalimia watu na kumtambulisha bintiye, na Otilia aliendelea kuitikia salamu. Kila mkono ulioinuka kumpungia ulikuwa na ile taa ya kijani, na kwa mara ya kwanza taa ile ilimtia wasiwasi.

*

Ushoroba ulikuwa mjukuu wa kile ambacho watu wa zamani walikiita VPN. Kazi yake ilikuwa moja, na iliifanya vizuri kuliko yoyote iliyowahi kujengwa. Neno lako likitoka kwenye kifaa chako, lilifungwa kwa namba za siri, likapita chini ya pua ya mtoa huduma, mwenye hoteli, na nguzo za mtandao za mtaani, na wote hao wakaona kitu kimoja tu: kwamba unaongea na Ushoroba. Unasema nini, unakwenda wapi, hawakujua. Upande wa pili, neno lilitokea kwenye mashine za kilimani, na aliyelipokea aliona anwani ya Makambako badala ya anwani ya nyumba yako. Mashine zenyewe Otilia alizinyima kumbukumbu. Kilichopita kilikuwa kimepita. Hata angekuja jaji na amri, asingekuta kitu cha kuchukua.

Hayo ndiyo yaliyoileta kampuni ya Tabiri mezani kwao.

Tabiri ndio waliotengeneza bangili. Kila mtu mzima alikuwa nayo. Ilihesabu mapigo ya moyo, sukari, pumzi na usingizi, kisha ikatabiri afya ya mtu kwa miaka iliyo mbele, na hakuna mwajiri aliyekuajiri kabla ya kuusoma utabiri wako. Sasa walitaka Ushoroba uwekwe tangu kiwandani ndani ya kila bangili mpya, kuanzia pwani hadi Kongo. Uzinduzi ulikuwa kesho asubuhi, kwenye uwanja wa mbele ya stesheni.

"Dada Otilia, soma mwenyewe," Kanuti alisema mchana ule ofisini, akimgeuzia skrini. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na siku hiyo macho yake yalikuwa yakimeta. "Jina letu kwenye mikono ya Afrika nzima. Sisi! Watoto wa Makambako!"

Kwenye skrini kulikuwa na tangazo la kesho. Herufi kubwa za dhahabu: NDANI YA USHOROBA, HAKUNA AKUONAYE.

"Hii si kweli, Kanuti."

"Ni tangazo."

"Ni tangazo la uongo. Bangili yenyewe iko nje ya ushoroba. Inasoma mwili wa mtu kabla neno halijafika mlangoni petu. Tunafunga barua, lakini yule anayeandika ana mtu begani anayemchungulia."

Mgeni aliyekuwa amekaa dirishani aligeuka. Huyu alikuwa Daktari Basili Mgimba, mtaalamu mkuu wa Tabiri, mwanamume nadhifu aliyeongea polepole kama mwalimu. "Mhandisi yuko sahihi," alisema. "Na ndiyo sababu sisi tunaupenda Ushoroba. Mtu anayejiona yuko peke yake huwa mkweli. Moyo wake unapiga kwa uhuru. Anauliza anachotaka kuuliza, anaogopa anachoogopa. Hatuhitaji kuvunja ukuta wako, mama. Tunahitaji watu wauamini."

Kanuti alikohoa. Ilionekana hata yeye hakuwa amesikia jambo lile likisemwa wazi namna hiyo.

"Chukua huyu Mpita Njia," Basili aliendelea.

Hakuna asiyemjua Mpita Njia. Lilikuwa jina la kujificha la mtu aliyekuwa akirusha mtandaoni, sehemu baada ya sehemu, sauti zilizorekodiwa kwenye vikao vya Tabiri. Katika sauti hizo wakubwa walisikika wakikubaliana kuharibu utabiri wa watu wa Bonde la Luhego, ambao ardhi yao ilikuwa inatakiwa. Vijana wenye afya waliandikiwa kwamba mapafu yao hayatafika mbali, wakakosa kazi kwenye reli, wakakosa kazi kila mahali, wakaanza kuhama. Ilijulikana kwamba Mpita Njia ni mfanyakazi wa Tabiri, na kwamba anapitia kwenye Ushoroba. Alikuwa ameahidi sehemu ya mwisho kesho, saa sita mchana.

"Nilikuja nikiwa na ombi la kumchungulia," Basili alisema. "Mhandisi Kanuti ameniambia utakataa."

"Nakataa."

"Sawa. Sina neno. Kila anaporusha, kuna mioyo michache ndani ya jengo letu inayopiga kwa kasi isiyo ya kawaida. Kila mara inapungua: wengine walikuwa wanapanda ngazi, wengine wamegombana na wake zao. Akirusha kesho, utabaki moyo mmoja." Alisimama akanyoosha koti lake. "Ukuta wako haujatoboka hata kidogo, mama. Hongera sana."

*

Chumba cha mitambo kilikuwa juu kileleni, na kuta zake zilitetemeka kidogo kwa upepo. Yusta Mbilinyi, mwangalizi wa mitambo na mtu ambaye Otilia alimwamini kuliko wote pale, alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Kisha akasema:

"Tumwonye."

"Tumwonyeje? Hatumjui."

Yusta alitazama kisanduku cha chuma kilichokuwa ukutani. Ndani yake kulikuwa na ufunguo wa fundi. Mashine hazikuwa na kumbukumbu, lakini kinachopita kwa wakati ule ule kingeweza kuonekana na mwenye ufunguo huo, kwa sababu hakuna ushoroba duniani usio na mwenyewe, na mwenyewe ndiye pekee anayesimama ndani yake. Otilia aliuweka kwa ajili ya matengenezo. Haukuwahi kutumika kwa lingine.

"Dada Otilia, sikia. Anajiandaa. Leo au kesho asubuhi ataingia, hata kama ni kuangalia tu mambo yakoje. Tunafungua, tunamwona, tunamtumia neno moja: vua bangili. Tunafunga. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Unanisumbua kwa jibu hilo. Huyu mtu atakamatwa! Ana watoto labda. Na wewe unalinda nini? Ahadi?"

Otilia alikaa. Yusta hakuwa mjinga. Alijaribu kuliona jambo lile likifanyika. Angefungua. Angeuona mlango wa Mpita Njia, lakini ili aufikie angepita kwenye milango ya wengine wengi: msichana anayemuuliza daktari jambo asiloweza kumuuliza mama yake, mzee anayeomba msamaha kwa mtu, mwanamke anayetafuta namna ya kumkimbia mume. Kwa nia njema kabisa. Na safari nyingine nia njema ingekuwa nyingine, na safari ya tatu angekuwa amezoea. Basili naye, akiulizwa, angesema ana nia njema.

"Wale wote walioingia humu niliwaambia mimi siangalii," alisema hatimaye. "Sikuwaambia siangalii isipokuwa nikiwa na sababu nzuri."

"Basi tumwache akamatwe."

"Hapana. Hilo nalo hapana."

Nje mapanga ya mitambo yalizunguka. Yusta alijaribu tena, safari hii kwa sauti ya chini: wangeweza kutuma tangazo kwa watumiaji wote. Lakini matangazo yalihitaji idhini ya Kanuti, na tangu mkataba usainiwe, Tabiri walipitia kila neno.

"Kesho uzinduzi utasikika kwenye bangili zote?" Otilia akauliza.

"Zote. Moja kwa moja. Hata huwezi kuizima." Yusta akamtazama. "Dada, wataufuta mkataba."

"Ushoroba ulikuwepo kabla ya mkataba."

"Hawataufuta mkataba tu. Ukisimama ukawaambia watu hauwafichi, watakimbia wote. Kesho kutwa tutakuwa na mitambo mizuri na hakuna hata mtu mmoja ndani."

Hapo ndipo palipomuuma. Jina, kazi ya miaka yake yote, fahari ya mama yake barabarani. Alifikiri juu ya muuza maziwa na ule mkono wake ulioinuliwa. Alikuwa amejivunia kitu kilichofanya kazi. Sasa watu walikuwa wakijivunia kitu kingine kabisa, kilichokuwa na jina lile lile, ambacho hakikuwahi kuwepo.

*

Asubuhi uwanja wa stesheni ulijaa hadi kwenye njia za reli. Jengo la Tabiri, refu, la vioo, lilisimama upande wa pili, na wafanyakazi wake walikuwa wamejipanga madirishani kutazama. Mama Anjela alikaa mstari wa mbele amevaa kitenge kipya. Kanuti alitoa hotuba yake, watu wakapiga vigelegele. Kisha akamwita Otilia, akashuka jukwaani, akaenda kusimama kando, penye mitambo ya sauti.

Otilia alishika kipaza sauti. Juu ya kichwa chake zile herufi za dhahabu ziliwaka.

"Mimi ndiye niliyeujenga Ushoroba," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye mikono ya watu wote waliokuwa mbele yake. "Najivunia. Hakuna ulio bora kuliko huu, na nasema hivyo bila haya. Nataka mjue unafanya nini, na haufanyi nini."

Basili, kwenye kiti cha wageni, aliinua kichwa.

"Unawazuia wanaobeba maneno yako wasiyasome. Ukiwa stesheni, hotelini, popote, wao wataona kifurushi kilichofungwa tu. Unaficha nyumba yako kwa yule unayemtembelea. Na sisi hatuweki kumbukumbu. Hayo ni kweli, na mtu yeyote mwenye elimu ya mitambo namkaribisha aje akague kilimani.

"Lakini hayo maneno huku juu ya kichwa changu si kweli. Ukiingia mahali ukataja jina lako, wanakujua. Mama yangu yupo hapa. Amewaambia dukani habari za goti lake, na ushoroba wangu haukuweza kumsaidia." Watu wakacheka, na Mama Anjela akafunika uso kwa mkono. "Ukifungua mlango kwa tapeli, ushoroba hautamrudisha. Ukiandika vile unavyoandika siku zote, wanaokusoma watakutambua hata ukijiita nani. Na hii bangili..."

Basili alikuwa amesimama. Alimwonyesha Kanuti ishara ya kukata, kiganja kikipita kooni, mara moja, mara mbili. Kanuti alikuwa karibu na swichi. Otilia alimwona akiinua mkono, akaona jasho kwenye kipaji chake. Kisha Kanuti akaushusha mkono ule akauweka nyuma ya mgongo, kama mtoto anayekataa kutoa kitu.

"Endelea, dada," alisema, na kipaza sauti kikamdaka.

"Hii bangili iko nje ya ushoroba. Inausikia moyo wako kabla sijafunga chochote. Mtu anayetaka kusema jambo la hatari, na bangili iko mkononi mwake, anasemwa na moyo wake mwenyewe. Tabiri wanajua hivyo. Wameniambia wanangoja moyo mmoja upige leo saa sita." Alivuta pumzi. "Simjui mtu huyo. Ningeweza kumjua kama ningefungua nikatazama. Sikutazama na sitatazama, kwa ajili yake wala kwa ajili yenu. Ndiyo maana nawaambia wote."

Kisha akaivua bangili yake, akaiweka sakafuni, akashuka jukwaani.

Hakukuwa na makofi. Watu walikuwa wakitazamana. Mwanamume mmoja alipaza sauti, "Basi mlitudanganya!" na mwingine akamjibu, "Si ndiyo anakwambia sasa?" Kelele zikapanda. Wageni wa heshima walianza kuondoka. Basili alipita karibu na Otilia bila kumtazama, akiongea kwa haraka na bangili yake. Kanuti alikuja, uso umemlegea.

"Mkataba umekwisha," alisema.

"Najua. Kwa nini hukuzima?"

"Sijui, dada. Nilitaka. Halafu nikasikia unavyosema, 'mimi ndiye niliyeujenga.' Nikakumbuka na mimi nilikuwepo." Alijifuta jasho. "Sasa huyo mtu akivua bangili kule ndani, si ndiyo atakuwa amejionyesha? Mkono mmoja mtupu kwenye jengo zima."

Hilo Otilia hakuwa amelifikiria. Aligeuka kulitazama jengo la vioo. Saa ya stesheni ilikuwa inakaribia sita.

Dirisha moja la juu likafunguka. Mwanamke aliyevaa koti jeupe akautoa mkono wake nje, akaivua bangili mbele ya uwanja mzima, akaiacha idondoke. Watu waliokuwa chini wakaruka kando. Kabla haijatulia, dirisha la jirani likafunguka, na hapo mzee mwenye miwani akafanya vile vile. Kisha ghorofa nzima. Kisha ghorofa zote, wahasibu, wafagizi, walinzi, wanasayansi, na bangili zikaanguka chini kama mvua ya mawe. Watu uwanjani wakashika zao. Otilia alimwona mama yake akihangaika na kifungo, jirani yake akimsaidia, na ile sauti tamu ikiuliza, "Mama Anjela, kuna tatizo?" kabla haijanyamaza.

Saa ya stesheni iligonga sita.

Sehemu ya mwisho ilitoka kwenye vipaza sauti vya jukwaani, kwa sababu Yusta, kule kilimani, aliidaka mtandaoni kama mtu mwingine yeyote na kuirusha. Haikuwa na utangulizi. Haikuwa na neno hata moja la kuandikwa, wala jina la Mpita Njia. Zilikuwa sauti tupu za kikao, na mojawapo ilikuwa ya polepole kama ya mwalimu, ikisema ni watu wangapi wa Luhego wanapaswa kuugua ili bonde liwe wazi. Uwanja ulisikiliza hadi mwisho. Mwanamume aliyekuwa amevaa sare ya reli aliketi chini akaanza kulia. "Mapafu yangu hayana kitu," alimwambia kila aliyemsogelea. "Mnasikia? Hayana kitu."

Basili alikuwa hajafika kwenye gari lake. Polisi wawili waliokuwa wamekuja kulinda uzinduzi walitazamana, kisha wakamwendea.

Ilipofika jioni simu zilizomiminika kilimani zilikuwa za namna mbili. Wengine walitukana na kujiondoa. Wengine waliuliza maswali, na yalikuwa maswali mazuri: je, nikiingia bila jina? Je, programu hii inajua niko wapi? Mnaweza kunichungulia? Yusta alijibu hilo la mwisho mara nyingi: "Tunaweza. Hatufanyi. Njoo ukague." Kanuti naye alikaa chini akajibu, sauti imemkauka.

Otilia alikuwa amebaki uwanjani na mama yake. Milango ya Tabiri ilifunguliwa na wafanyakazi wakaanza kutoka, kundi baada ya kundi, kila mmoja na mkono mtupu, na kwenye kila mkono ule mstari wa ngozi isiyoona jua. Walipita karibu sana. Baadhi walimsalimia. Baadhi walitazama pembeni. Mmoja wao, alijua, alikuwa Mpita Njia.

"Unamwona?" Mama Anjela alinong'ona, akinyoosha shingo. "Yule wa koti jeupe? Au huyu mwenye miwani? Mwangalie huyu anavyotembea."

"Tugeuke, mama," Otilia alisema.

Mama Anjela akakishika kitenge chake, akageuka, na wote wawili wakasimama wameipa mgongo milango ile, vichwa juu, hadi mtu wa mwisho alipokwisha kupita.